Pini ya Upande wa Kulia

Mkono wa pedali katika baiskeli za zamani haukazwi kwa bolti. Umeshikwa kwenye ekseli na pini moja ya chuma yenye unene wa milimita 9.5, nyembamba kuliko kidole cha mtu mzima. Ubavu mmoja wa pini hiyo umechongwa bapa, kwa mshazari, kama kabari. Ubapa huo unalalia ubapa mwingine uliokatwa kwenye ekseli, na ile ncha nyembamba ina hesi za kufungia nati. Kadiri nati inavyokazwa, ndivyo kabari inavyozidi kujisokomeza. Mtu anapokanyaga pedali, nguvu ya mguu wake inapita hapo. Hakuna gundi wala kulehemu. Ni chuma kilichobanwa na chuma, basi. Sasa iache kabari hiyo ikae miaka mingi katika mvua na vumbi bila kuguswa. Kutu inajaza kila upenyo, na pini, mkono na ekseli vinakuwa kitu kimoja.

Nimeanza na maelezo haya kwa sababu wenzangu wengi darasani wamekulia Kampala, na baiskeli kwao ni kitu cha kuchezea watoto. Kwetu Luweero baiskeli ni chombo cha kazi. Inabeba mananasi, madumu ya maji, mkungu wa matoke, mgonjwa, na siku nyingine jeneza. Ninayoizungumzia ni ya babu yangu. Aliinunua mwaka 1964 kwa fedha za kahawa, ile kahawa kavu isiyokobolewa ambayo sisi Waganda tunaiita kiboko. Ni BSA. Herufi hizo tatu zimekatwa ndani ya gurudumu kubwa la meno linalovuta mnyororo, hivyo ukisimama upande wa kulia unazisoma zikizunguka. Na mbele, kwenye shingo ya fremu, kuna kibati chenye picha ya bunduki tatu zilizoegemezana vichwa.

Utotoni nilidhani bunduki hizo ni pambo. Baadaye ndipo nilipojua maana ya herufi: Birmingham Small Arms, kampuni iliyoundwa mwaka 1861 na mafundi bunduki wa mji wa Birmingham, Uingereza. Ilianza kuunda baiskeli mwaka 1880, wakati oda za bunduki zilipokuwa chache na mashine zimekaa bure. Katika vita viwili vya dunia kiwanda hichohicho kilitoa bunduki za Lee-Enfield kwa wingi, zile walizobeba askari wa Kiafrika wa King's African Rifles. Mwaka 1957 kampuni ilikuwa imeshaiuzia Raleigh biashara yake ya baiskeli, lakini jina liliendelea kubandikwa. Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Luweero aliyetaka chombo cha kwendea mnadani alirudi nyumbani na alama ya bunduki tatu mbele ya magoti yake, na hakuona ajabu yoyote. Mafundi bunduki wanajua kukata chuma kwa kipimo. Hilo ndilo alilolinunua.

Matatizo yalianza likizo ya mwaka jana, msimu wa mananasi ulipokuwa umepamba moto. Mjomba wangu ndiye anayeitumia baiskeli hiyo sasa, kupeleka mananasi kutoka shambani hadi kando ya barabara kuu ya Gulu, pale Wobulenzi. Ekseli ya pedali ilikuwa imeanza kulia. Kwanza ilitoa mlio mdogo kama wa kifaranga, kisha ikaanza kusaga, mwisho pedali zikawa zinacheza huku na huku. Gololi za ndani zilikuwa zimekwisha. Gololi zenyewe ni rahisi kupata, lakini ili uzifikie ni lazima utoe mikono yote miwili ya pedali, kwa sababu ekseli hutolewa kwa upande wa kushoto tu. Upande wa kulia kuna kikombe kisichofunguliwa na bega la ekseli halipiti humo. Mikono miwili maana yake pini mbili.

Pini ya kushoto ilitoka kwa nyundo mbili. Ya kulia haikutikisika.

Jjajja, mama wa mama yangu, alikuwa ameketi kwenye mkeka barazani akimenya mihogo. Aliposikia tunashangaa kwa nini moja imetoka kirahisi na nyingine imegoma, alisema bila kuinua macho kwamba ile ya kushoto iliwahi kutolewa. Mwaka 1983, katikati ya vita vya msituni, wanajeshi wa serikali ya wakati ule walikuwa wakichukua mabati, redio, mbuzi, na baiskeli kabla ya vyote. Babu aling'oa mkono wa kushoto wa pedali ili hata wakiipata wasiweze kuipanda. Mkono ule aliufukia chini ya mkahawa mmoja, na baiskeli akailaza shimoni nyuma ya choo, akaifunika kwa majani makavu ya migomba. Kisha familia ikahamishiwa kambini kama watu wengine wengi wa Luweero mwaka ule. Babu alitoka kambini siku moja kwenda kutazama shamba. Hakurudi. Baiskeli ilikaa shimoni hadi 1986, vita vilipokwisha, na Jjajja ndiye aliyeifukua. Mkono wa kushoto ulirudishwa kwa pini mpya iliyopakwa grisi. Ya kulia ilibaki ileile ya kiwandani, ile aliyoiweka Mwingereza, ikiwa imeshakunywa mvua za misimu mingi ardhini.

Nilikuwa sijawahi kuisikia habari hiyo yote kwa mfululizo. Nyumbani kwetu mambo ya miaka ile hutolewa vipandevipande, kwa sababu ya kitu kingine, na huwezi kuuliza swali la pili.

Tuliipeleka baiskeli kwa fundi wa pale kituoni. Fundi huyo, ambaye simtaji kwa kuwa ni mtu mwema na watoto wake nimesoma nao, aliilaza baiskeli chini, akaigonga ile ncha yenye hesi kwa nyundo ndogo, pigo juu ya pigo, labda mara 60. Matokeo yake ncha ya pini ilivimba kama uyoga na kupinda. Sasa hata kama pini ingelegea, kichwa hicho kilichovimba kisingepita tundu. Fundi alijifuta jasho, akasema hakuna njia ila kukata mkono wote kwa mashine ya kukatia vyuma, na kununua gurudumu jipya la meno la Kichina. Shilingi zake hazikuwa nyingi na mjomba alikuwa tayari. Mananasi hayasubiri.

Jjajja alikataa. Hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba herufi zile hazitakatwa na mtu, na kama ni mananasi atayabeba yeye kichwani. Ana umri unaokaribia miaka 80. Mjomba alinyamaza.

Hapo ndipo mama alipotaja jina la Afande. Afande ni mzee anayekaa mwendo wa dakika kumi kutoka kwetu, Mnubi wa Bombo aliyestaafu jeshini. Aliingia jeshi baada ya vita vile, na kwa miaka mingi kazi yake ilikuwa fundi wa silaha, mtu wa ghalani, wa kutengeneza bunduki zilizoharibika. Kijijini watu humwamkia kwa heshima, hununua kuku kwake, na hawaketi naye sana. Jjajja alikuwa hajawahi kukanyaga kwake, wala Afande kwetu. Sababu si yeye binafsi. Wote wanajua kwamba mwaka 1983 alikuwa kijana wa shule. Sababu ni lugha yake.

Wasomaji wa Kenya na Tanzania huenda wasilielewe hili kwa urahisi, kwa hiyo nitalisema wazi. Kwa wazee wengi wa Buganda, Kiswahili ni lugha ya mtu mwenye bunduki. King's African Rifles, kikosi kilichoundwa mwaka 1902, kilitumia Kiswahili kutolea amri, na majeshi yaliyofuata yakairithi desturi hiyo. Idi Amin alikitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kutangazwa na yeye hakukuisaidia lugha. Kisha wakaja wanajeshi wa miaka ya 1980 na vizuizi vyao vya barabarani. Jjajja anakielewa Kiswahili vizuri kuliko anavyokiri, lakini anachokielewa ni kaa chini, toa, lete, wapi mume wako. Nilipomwambia kwamba chuoni nimechagua kusoma Kiswahili, aliniuliza kama nataka kuwa polisi. Nilimweleza kwamba Katiba yetu ilikifanya lugha rasmi ya pili mwaka 2005, kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekiingiza katika lugha zake rasmi, kwamba mwaka 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Alinisikiliza kwa adabu, kama mtu anayesikiliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

Basi Afande akaja. Alikuja siku ya Jumanne jioni na mfuko wa turubai, akasimama nje ya ua hadi alipokaribishwa. Alimwamkia Jjajja kwa Kiganda, naye Jjajja akaitikia salamu zote kama desturi ilivyo, moja moja, kisha akaingia ndani. Dirisha lake halikufungwa.

Afande alichuchumaa, akaitazama pini muda mrefu bila kuigusa. Kiganda anakijua vizuri, lakini alipoanza kuzungumza habari za chuma aligeukia Kiswahili, nadhani bila hata kufahamu. Ufundi huo ulimwingia kwa lugha hiyo.

“Nani alipiga hii?”

Nilimwambia.

“Alipiga kwa hasira. Hapana piga pini kwa hasira. Pini haijui wewe iko na hasira.”

Wanafunzi wa isimu watakuwa wameshaitambua sarufi hiyo. Vitabu vyetu huiita KiKAR, Kiswahili cha jeshi la mkoloni, chenye kukanusha kwa “hapana” na kuziacha ngeli njiani. Tulipokisoma katika muhula wa pili, mifano ilikuja imepigiwa mistari chini kuonyesha ilipokosea. Sikuwahi kumsikia mtu akikitumia kufundisha kazi ngumu, na nakiri kwamba kwa saa ya kwanza masikio yangu yalikuwa yakisahihisha kila sentensi. Baadaye yaliacha. Hapakuwa na neno lolote katika maagizo yake lililoniacha gizani.

Alitoa tupa, akaanza kuukwangua ule uyoga wa chuma, polepole, hadi ncha ya pini ilipokuwa nyembamba tena kuliko tundu. Hesi zilizopinda alizikata kwa msumeno wa chuma. Alipokuwa akifanya hivyo alinieleza kwamba pini kaidi aliyoizoea ni ile ya AK, kwenye kile kipande cha mbele cha kulengea shabaha, kinachokaa karibu na mdomo wa mtutu. Kipande hicho kikipinda, bunduki inapiga pembeni hata iwe mikononi mwa mlengaji hodari, na mtutu ukichakaa ni lazima kitolewe. Kimeshikwa na pini mbili. Zinapita chini ya mtutu kwa upana, na kila moja inakula kidogo ubavu wa mtutu wenyewe ili kipande kisizunguke wala kuteleza. Kiwandani zinasukumwa kwa mashine. Askari kijana anakuja na nyundo na msumari akidhani atazitoa kwa mkono.

“Msumari ni laini,” alisema. “Pini hapana toka. Msumari ndiyo inavimba, inakwama ndani ya tundu. Sasa uko na pini mbili pahali pa moja.”

Nikamuuliza, kwa udadisi tu, kama amewahi kuifanya kazi hiyo nyumbani. Alinitazama kama niliyeuliza kama amewahi kuoga sokoni. Bunduki, alisema, haifunguliwi nyumbani. Iko na ghala yake na daftari yake. Baiskeli ndiyo ya nyumbani.

Kisha akaona kile kibati cha mbele. Alikisogelea, akakipangusa kwa kidole gumba, akazihesabu bunduki: moja, mbili, tatu. Alicheka peke yake.

Jioni ile hatukugonga chochote. Alichanganya mafuta ya taa na oili ya injini iliyokwisha kutumika, akadondosha matone pande zote mbili za pini, akasema tufanye hivyo asubuhi na jioni kwa siku tatu. “Wacha ilale.” Mjomba aliguna, maana kila siku ilikuwa hasara. Siku hizo tatu alikodi pikipiki, na faida yote ya mananasi ikaishia kwenye petroli. Mimi ndiye niliyepewa zamu ya mafuta. Siku ya pili alfajiri nilikuta kibuyu cha mafuta kimeshasogezwa na pini imelowa. Mama alikuwa bado amelala, na mjomba hakuwapo. Sikuuliza.

Ijumaa Afande alirudi na kipande cha bomba la maji, urefu wake ukiwa umekatwa kwa kipimo alichokuwa amekichukua kwa kamba siku ile ya kwanza. Bomba hilo ndilo siri ya kazi yote, na ndilo fundi wa kituoni alilolikosa. Baiskeli ilisimamishwa wima, mimi nikaishika usukani na mjomba akashika tandiko. Mkono wa pedali uliwekwa mlalo, kichwa cha pini kikitazama chini na ncha nyembamba juu. Chini ya mkono, palepale pini ilipo, lilisimamishwa lile bomba juu ya jiwe la kusagia lililokwisha kustaafu, ili kichwa cha pini kikishuka kiingie katika uwazi wa bomba. Lilikuwa refu kidogo kuliko nafasi iliyokuwapo, hivyo magurudumu yaliinuka kidogo kutoka ardhini na uzito wa baiskeli wote ukakaa juu ya bomba.

Kuna sababu. Ukigonga pini bila kitu chini yake, mkono unayumba, fremu inayumba, na nguvu ya pigo inakimbilia kwenye gololi na vikombe vyake. Unaharibu usichokusudia, na pini inabaki inakutazama. Lakini kikiwapo kitu kigumu kilichoushika mkono kutoka chini, pigo halina pa kwenda ila ndani ya pini. Niliwahi kusoma sheria ya tatu ya Newton katika kidato cha tatu na kuifaulu mtihani. Sikuielewa hadi siku ile nilipouona mshituko wa nyundo ukipotea kwenye fremu kila bomba lilipoteleza, na kubaki kwenye pini kila liliposimama sawasawa.

Moto ulifuata. Alijaza makaa katika kopo la rangi lenye matundu, akalishikilia kwa koleo karibu na jicho la mkono wa pedali, na mimi nikaachiwa pampu ya baiskeli niyapulizie. Chuma kikipata joto kinatanuka, na tundu nalo linatanuka pamoja nacho. Mafuta yaliyokuwa yamelala yakaanza kutoka na moshi. Alitema mate kidogo juu ya chuma, yakachachatika. “Inatosha. Hapana fanya nyekundu.” Chuma cha ekseli kimekaushwa kiwandani ili kiwe kigumu, na kikiwa chekundu ugumu huo unapotea, kisha kitasagika kama udongo.

Aliweka kijiti cha chuma kigumu, kinene kama pini lakini kidogo zaidi, juu ya ncha. Akachukua nyundo ya kilo mbili. Nilitarajia mapigo mengi. Badala yake alinikabidhi mimi ile nyundo.

“Piga moja. Lakini piga kweli.”

Nilimwambia naogopa kukosea shabaha na kumvunja mkono, maana yeye ndiye aliyekishika kile kijiti. Akasema basi nisikosee. Huo ndio ufafanuzi wote nilioupata.

Pigo la kwanza lilitoa sauti butu. Pini haikusogea, lakini alitikisa kichwa kwa kuridhika, akaongeza mafuta, akatuambia tusubiri. Nyundo nzito ikipiga mara moja inasukuma. Nyundo nyepesi ikipiga mara 60 inafinyanga tu ile ncha. Pigo la pili lilikuwa butu vilevile. La tatu lilikuwa na sauti nyingine kabisa, ya juu, kama kijiko kilichoangukia sakafuni, na wote watatu tuliisikia tofauti hiyo kabla ya kuona chochote. Kutu nyekundu ilimwagika kama unga kwenye jiwe. La nne likaiangusha pini ndani ya bomba.

Afande hakusema kitu. Aliinua bomba, akaipindua pini kwenye kiganja chake, akaipuliza. Ubapa wake ulikuwa bado unang'aa katikati, pale chuma kilipokuwa kimebanana na chuma na maji hayakufika. Mstari mwembamba tu wa mng'ao, mweupe kama siku ilipotoka Uingereza.

Jjajja alikuwa mlangoni. Alinyosha mkono, na Afande akampa pini kwa mikono miwili, akiwa amepiga goti moja kama kijana wa Kiganda anavyompa mzazi kitu. Aliikamata kwa kitambo. Kisha akamuuliza kwa Kiganda kama amekula. Alikuwa hajala. Ikaletwa mihogo na chai.

Kazi iliyobaki ilikuwa ndefu lakini haina hadithi. Ndani ya kikombe cha kulia tulikuta gololi mbili zimepasuka, na vishimo vidogo kwenye njia yake, alama za nyundo ya kituoni. Tulibadilisha gololi zote, tukaosha vikombe kwa petroli, tukajaza grisi mpya. Pini mpya nilizinunua mbili Wobulenzi kwa shilingi 2,000. Za siku hizi ni laini na ubapa wake haukai sawa, kwa hiyo Afande alizichonga kwa tupa, akizijaribu na kuzitoa, mpaka ubapa ulipolala wote kwenye ekseli bila mwanga kupita katikati. Akasisitiza pini moja iingie kutoka juu na nyingine kutoka chini mikono ikiwa mlalo. Zikiingia upande mmoja pedali hazinyooki, moja itakuwa mbele ya mwenzake, na mpandaji atatembea kama mwenye mguu mfupi.

Wakati wa kuchonga nilimuuliza maneno. Nilikuwa na daftari la chuo mfukoni. Nilitaka kujua anaitaje kila kitu, jicho la mkono, bega la ekseli, ubapa wa pini. Vitu vingi alivyovitaja kwa majina ya mwili: jicho, bega, shingo, meno, mdomo. Bunduki na baiskeli zote mbili alizieleza kama anavyoeleza mtu. Niliuliza kama jeshini walifundishwa hivyo. Alisema mwalimu wake alikuwa hajui Kiingereza, na yeye mwenyewe alikuwa hajui Kiswahili, na bunduki ilikuwa mezani katikati yao, ikabidi waanze na kilichoko. Daftari hilo nimelionyesha kwa mhadhiri wetu wa istilahi. Ananitaka niandike maneno mangapi yamo katika kamusi na mangapi hayamo. Mengi yamo, ila si kwa maana hiyo.

Kabla ya kuondoka Afande aliacha onyo moja. Pini mpya hujikalia. Baada ya mizigo michache kabari inazama kidogo na nati inalegea, na mtu asipoikaza mapema, ekseli itaila pini kwa wiki moja. Aliacha na spana yake ili tusipate kisingizio.

Nilirudi chuoni Jumapili ile. Juma la pili nilimpigia Jjajja simu, na pamoja na habari nyingine nikaulizia nati. Akasema ilikuwa imelegea kweli, ikakubali robo mzunguko, na baada ya hapo haikuzunguka tena. Mjomba alikuwa Gulu kwenye msiba, kwa hiyo aliyeikaza ni Afande, aliyepita kuchukua spana yake. Nilimuuliza alimweleza Afande kwa lugha gani kwamba nati imelegea. Akaniambia mananasi yamepanda bei.